Sanfil ya Pulchérie

Mwanamke wa Ruhengeri alikuwa bado anaeleza namna anavyoitaka keki ya harusi ya binti yake, simu ikakatika. Mama mdogo Pulchérie alibaki amesimama katikati ya chumba chake, unga hadi viwikoni, akiita, "Allô? Allô, mama? Niko hapa, allô?" Hakujibiwa na mtu. Simu ilikuwa inavuma tu, kama mafuta ya moto yaliyotupiwa kitunguu. Alipofaulu kumpata tena yule mama, ilikuwa siku ya pili yake, na keki ilikuwa imeshaagizwa kwa mtu mwingine.

Baba yangu alizisikia habari hizo mezani, akatabasamu kidogo.

"Nilikuambia," akasema. "Kitu ile ni mchezo ya watoto. Rudisha Goma, ukuwe unakuja kupigia simu salon kama watu wengine."

Mama mdogo aliendelea kumenya kiazi chake cha moto, akikihamisha kutoka kiganja hadi kiganja.

"Mi sirudishe kitu, shemeji," akajibu. "Na kuja salon, sikuje."

Ilikuwa mwaka 1999. Mimi Igihozo nilikuwa nimemaliza sekondari Nyundo, nikikaa nyumbani kungoja kazi, kwa hiyo mambo haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine yaliniangukia mimi mwenyewe.

Pulchérie alikuwa mjane wa baba yangu mdogo. Alizaliwa Goma, akaolewa Goma, na Goma ndiko alikomzika mumewe, aliyechukuliwa na homa kabla hawajajaliwa mtoto. Familia yetu iliporudi Rwanda, naye alivuka pamoja nasi. Alikuja na sanduku la nguo na sanduku la vyombo vya kuokea keki, na lile la vyombo ndilo lililokuwa zito. Kazi hiyo alijifunza kwenye boulangerie, duka la mikate, moja kule Goma. Aliingia kama mwosha sinia, akatoka akiwa ndiye anayepamba keki za harusi.

Baba alimpa annexe, nyumba ndogo iliyokuwa mwisho wa ua, nyuma ya jiko letu la mabati. Kuta zake zilikuwa za mawe meusi ya volkano, nene kiasi kwamba mtu angeweza kuketi dirishani na kukunja miguu. Humo akajenga tanuri la mkaa kwa mikono yake. Barabara ya kwenda Ruhengeri na Kigali ilikuwa imetulia baada ya miaka mibaya, watu wakaanza tena kufanya harusi kubwa, na kila harusi ikataka keki. Jina lake likaanza kutembea.

Shida ilikuwa simu. Simu ya nyumba ilikaa salon, yaani sebuleni, juu ya kimeza, kando ya kiti cha baba. Baba yangu, Sebagabo, alikuwa mtumishi wa forodha pale Grande Barrière, mpakani na Goma, na aliwapokea waliopiga simu kama alivyowapokea wavuka mpaka. "Pulchérie? Unamutaka wa nini? We ni nani wake? Unapigia wapi?" Mara nyingi mteja alikata kabla hajamaliza kuhojiwa. Na Mama mdogo alipoitwa kuja kuzungumza, baba hakuondoka. Alikaa pale pale na gazeti mbele ya uso, ukurasa haugeuki.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alimwona Pulchérie kama amana aliyoachiwa na mdogo wake, na kwake amana ni kitu kinachowekwa mahali kikatulia. Mjane wa nyumba yake akae nyumbani, au aolewe vizuri. Tena baba alikuwa ameshampatia mume: Bizumuremyi, mfanyabiashara wa makaa, mgane, mtu mkubwa kwa mwili na kwa heshima pale parokiani. Kila Jumapili baada ya misa baba alimkaribisha nyumbani, na kila Jumapili Mama mdogo alikumbuka kazi fulani kule kwenye tanuri.

Ndipo siku moja akavuka kwenda Goma kununua sukari ya unga, akarudi na boksi. Angeweza kulificha ndani ya beseni, chini ya nguo, kama wengi walivyofanya. Hakulificha. Alipanga foleni ya forodha, akaacha madirisha mengine yote, akasimama kwenye lile la baba yangu. Zamu yake ilipofika, akaliweka boksi juu ya kaunta.

"Bonjour, shemeji. Niko na kitu ya kudeklare."

Baba akasoma maandishi ya kwenye boksi. "Hii ni nini?"

"Sanfil. Simu ya bila waya. Kitako yake itakaa salon kwako, mukono yake itakaa kwangu."

Nyuma yake watu walikuwa wamejaa na mabeseni yao, wenzake baba wameinua vichwa. Baba hakuweza kugomba. Aligonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamrudishia karatasi bila kumtazama. Ugomvi ulifanyika nyumbani, na ulichukua jioni mbili. Ulimalizwa na mama yangu, Laurence, aliyeuliza kama baba anapenda sana kazi ya kuwapokelea simu wapika keki, na Pulchérie mwenyewe, aliyesema kuwa bili yote ya simu ataibeba yeye. Baba alikubali. Lakini akasema mahali pa kuweka kitako cha sanfil atachagua yeye, maana salon ni yake.

Alichagua sakafuni, nyuma ya televisheni.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Ukisimama mlangoni pa salon, sanfil ilisikika safi kama mtu yuko mbele yako. Ukifika katikati ya ua, ilianza kukwaruza. Ndani ya annexe ilikuwa bahati tu: mara inasikika, mara inavuma, mara inakufa mtu akiwa katikati ya neno. Na baada ya ile keki ya Ruhengeri kupotea, kila mtu alikuwa na jibu. Baba alisema ni takataka za Dubai. Mama alisema labda mawe ya volkano yana chuma ndani. Fundi wa redio wa sokoni, alipoulizwa, alisema simu za namna hiyo ni za nyumba za ghorofa za Ulaya, ziwa letu linazisumbua.

"Ziwa iko chini kule, na simu iko hapa juu," Mama mdogo aliniambia tukiwa tunatoka sokoni. "Watasema hata ni samaki. Igihozo, shenge, kesho utanisaidia. Tutaitafuta hii kitu mpaka tuione inajificha wapi."

Asubuhi yake, baba akiwa kazini, Mama mdogo alichukua mkono wa sanfil, akaubonyeza, ukaanza kutoa ule mlio mrefu wa laini. Akauweka sikioni, akatembea. Mimi nilimfuata na kopo la majivu kutoka kwenye tanuri. Mlio ulipokuwa safi tulipita. Ulipoanza kukwaruza aliinua kidole, nami nikamwaga majivu kidogo chini. Ulipokufa kabisa aliinua mkono mzima, nikamwaga mengi. Tulizunguka ua wote hivyo, tukapita kwenye kamba za nguo, tukazunguka jiko, tukaenda hadi kwenye uzio wa jirani.

Jirani yetu Verediane, mke wa mwenye malori, alikuwa ananing'iniza mashuka. Alitutazama kwa muda, mdomo ukiwa na vibanio vya nguo, halafu akavitoa.

"Yewe, Pulchérie! Ni dawa gani hiyo munamwanga?"

"Dawa ya simu, Mama Verediane."

"Mbega! Simu inarogwa?"

"Hapana. Inawekwa nyuma ya televizyo."

Tulipomaliza, tukasimama kwenye ngazi za veranda na kuangalia. Majivu yalikuwa yamechora kitu cha wazi kabisa. Kutoka kona ile ya televisheni palitoka kama kivuli kirefu kilichokwenda moja kwa moja nyuma ya jiko la mabati, na annexe ilikuwa imekaa ndani ya kivuli hicho yote. Pembeni mwa jiko, hata mbali zaidi hadi uzioni, hapakuwa na majivu. Mawe ya volkano hayakuwa na kosa kubwa, na ziwa halikuwa na kosa lolote.

Mama mdogo akaingia salon, akakitoa kitako cha sanfil kule chini, akakiweka dirishani na kuvuta antena yake juu. Akaenda annexe, akanipigia kelele kutoka kule: "Inasikika! Igihozo, inasikika!"

Jioni baba alikirudisha nyuma ya televisheni. Asubuhi Mama mdogo akakipandisha dirishani. Jioni kikashuka. Wiki nzima ilikwenda hivyo, wala hawakugombana kwa maneno. Baba alikuwa akikishusha huku anapiga mluzi, Mama mdogo akikipandisha huku anaimba wimbo wa kwaya. Mwishowe baba akasema, "Dirisha ya salon yangu si kituo ya redio. Ndani ya salon, kitu hiyo inakaa mahali nilisema."

"Ndani ya salon," akarudia Mama mdogo polepole. "Bon. Nimesikia."

Siku iliyofuata mama yangu alimpa ubao wa kitanda cha zamani. Mama mdogo akaazima nyundo, akajenga rafu ndogo ukutani kwa nje, chini ya paa la veranda, juu ya kimo cha mtu, mahali ambapo mawimbi yangepita pembeni ya jiko. Akapitisha waya kwenye upenyo wa dirisha, akakiweka kitako pale, akakifunika kwa nailoni wakati wa mvua. Baba aliporudi alisimama chini ya rafu hiyo kwa muda mrefu, kofia mkononi. Haikuwa ndani ya salon. Akaingia, akaning'iniza kofia.

Sasa simu ilisikika vizuri, lakini bado ilikuwa ikifa yenyewe baada ya mazungumzo mafupi. Tulidhani ni betri. Mama mdogo akaugeuza mkono wa simu na kuuchunguza mlangoni penye mwanga. Vile vibati vidogo vya kuchajia vilikuwa vimeshika ukoko wa unga na siagi, kwa hiyo kila alipouweka kwenye kichajio, haukuwa unakula umeme wowote. Alivisugua kwa kifutio changu cha shule hadi vikang'aa, kisha akatoa amri: hakuna atakayegusa simu hiyo bila kunawa mikono, na yeye mwenyewe wa kwanza. Baada ya hapo iliweza kuzungumza mchana kutwa.

Kwa majuma kadhaa alikuwa mtu mwenye raha. Alichukua oda akiwa anakoroga mayai, simu ameibana kati ya bega na sikio. Na mchana, kazi ikipungua, alimpigia dada yake Uwamahoro, aliyekuwa mpokeaji wa wagonjwa kwenye kliniki moja Kigali. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu tuvuke mpaka. Nilikuwa napita uani tu, sikusikiliza maneno. Lakini kicheko kilikuwa kinatoka hadi nje.

Halafu jioni moja, mezani, baba akaweka uma chini.

"Nasikia unatafuta nyumba karibu na soko."

Mama mdogo alijipakulia mboga.

"Nasikia tena Bizumuremyi unamuita gunia ya makaa. Mutu ya heshima! Mutu anakuja hapa kila Jumapili! Leo kazini wananicheka, wanauliza kama gunia imeshafika nyumbani."

Mama yangu aliinamisha uso haraka, nikajua anazuia kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu Mama mdogo alikuwa ananitazama. Maneno hayo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani, dada yake, kwa simu, mchana, baba akiwa Barrière na mama akiwa sokoni. Nyumbani nilikuwa mimi peke yangu.

Asubuhi alinikuta nachota maji.

"Ulikuwa na haja ya kujua, ungeniuliza," akasema. "Ningekuambia."

"Mama mdogo, mi sikusema kitu! Hata sikusikia!"

"Basi ni nani? Simu ya salon mutu akiinyanyua, sauti inapungua, mi najua. Haikupungua. Kulikuwa wewe na kuku."

Niliapa kwa yote niliyoweza kuapia. Alinitazama bila hasira, na hiyo iliniuma zaidi, akarudi kwenye tanuri lake. Tangu siku hiyo hakuniita tena kumsaidia. Sinia alizibeba mwenyewe, mayai aliyapiga mwenyewe. Nilikuwa nikisikia mchapo wake wa mayai ukigonga bakuli kutoka chumbani kwangu na kulia kama mtoto, mimi niliyekuwa nimeshamaliza sekondari.

Alichofanya baadaye ni kile ambacho watu wengine wasingefanya. Wengine wangeacha kuitumia simu hiyo. Yeye aliendelea kuitumia, ila sasa aliisikiliza. Kulikuwa na vitu vidogo ambavyo alikuwa amevizoea na kuvipuuza: simu kulia mara moja kisha kunyamaza, mlio wa "tik" katikati ya mazungumzo, sauti ya mbali kama redio ya mtu anayepita njiani. Aliacha kuvipuuza. Mchana mmoja alibonyeza ili apige, na badala ya mlio wa laini akasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa, ikisema, "...na we unafikiri mi sijui kama ulilala Ruhengeri kwa nani?"

Aliifahamu sauti hiyo. Akatoka na simu sikioni hadi nyuma ya annexe, akachungulia juu ya uzio. Verediane alikuwa amesimama kwenye veranda yake, amempa mgongo, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika sikioni kitu cheusi chenye antena ndefu. Neno likitoka kwenye mdomo wa Verediane kule, lilifika kwenye sikio la Mama mdogo huku.

Alizima. Akaja moja kwa moja chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Igihozo. Nenda kwa Mama Verediane, uazime chujio ya unga. Uangalie simu yake ni ya namna gani."

Nilikwenda. Sanfil ya Verediane ilikuwa juu ya kabati, pacha wa yetu kabisa, rangi ile ile, maandishi yale yale. Nilipoisifu, akasema kwa majivuno kuwa mumewe ameinunua Goma, na akalitaja duka. Lilikuwa duka lile lile.

Niliporudi na chujio Mama mdogo alikuwa ananingoja mlangoni. Nikamweleza. Akafuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu.

"Nilikukosea," akasema. "Nilikuhukumu bila kuchunguza, na kuchunguza ndiyo kazi nimekuwa nafanya mwezi muzima. Unisamehe, mwanangu."

Nilimsamehe hapo hapo. Nilitaka tu kurudi kwenye mayai.

Nilidhani atakwenda kugombana uzioni. Hakwenda. Aliketi dirishani kwake, akampigia Uwamahoro Kigali, na akaniashiria nikae. Uzioni niliona Verediane ameacha nguo kwenye beseni na kuingia ndani kwa haraka. Ile "tik" ikasikika. Hata mimi niliyekuwa pembeni niliisikia.

"Dada," Mama mdogo akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga wanakwaya kanisani, "leo sisemi na we peke yako. Iko jirani yangu kwenye laini, Mama Verediane. Mama Verediane, bonjour. Usikate, nataka usikie vizuri, maana mara ingine ulichukua nusu nusu. Mi Pulchérie siolewi na Bizumuremyi. Yeye ni mutu muzuri, na kumuita gunia nilifanya vibaya, hilo nitamwambia mwenyewe. Lakini simutaki, na hakuna mutu atanipa kwake. Pili, nyumba ya karibu na soko nimeshaipata, nahamia Jumatatu, mlango wake ni wa buluu. Uwaambie wote, usisahau rangi. Na tatu, kama uko na swali, uje unigongee, usiniingilie kwa sikio."

Ile "tik" ikasikika tena.

"Amekata?" Uwamahoro akauliza kutoka Kigali, anacheka hadi anakohoa.

"Amekata. Sasa niambie, watoto hawajambo?"

Hawakumaliza hata salamu. Verediane alikuwa ameshafika getini kwetu, kitenge kimefungwa vibaya.

"Pulchérie! Umenitaja kwenye simu!"

"Nimekutaja kwenye simu yangu, Mama Verediane. We ulikuwa unafanya nini ndani yake?"

Verediane alikifunga upya kitenge chake. "Inaingia yenyewe," akasema. "Mi nanyanyua, na we uko ndani. Nifanye nini, nizibe masikio?"

"Ungeweka chini. Mi leo nilinyanyua, nikakuta we uko ndani, na mumeo, na habari ya Ruhengeri. Niliweka chini."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Verediane alikamata nguzo ya geti. Mama mdogo akamwangalia kwa muda, na nadhani ndipo hasira yake ilipoisha, kwa sababu alifungua geti.

"Hakuna mutu nimeambia," akasema. "Na sitaambia. Leta simu yako hapa, tuangalie."

Waliketi kwenye ngazi za veranda, wanawake wawili na sanfil mbili zinazofanana, wakaanza kuzifungua kwa ncha ya kisu cha jikoni. Chini ya kifuniko cha betri cha kila moja kulikuwa na swichi ndogo sana, ndogo kuliko punje ya mchele, yenye vituo vitatu. Kitakoni, upande wa chini, kulikuwa na nyingine kama hiyo. Zote nne zilikuwa kwenye kituo cha kwanza, kama zilivyotoka kiwandani. Mama mdogo alisogeza zake hadi cha pili. Sasa ikanguruma, kila baada ya muda, kama pikipiki. Akasogeza hadi cha tatu. Mlio wa laini ukaja, mwembamba, safi, hauna mtu ndani yake. Verediane akarudi kwake mbio, akapiga simu, akapaza sauti juu ya uzio: "Unanisikia?"

"Kwa sikio ya uzioni tu!" Mama mdogo akajibu. "Kwa simu, hapana!"

Habari zilifika Barrière kabla baba hajamaliza zamu. Aliporudi jua lilikuwa bado juu. Alipita veranda, akanyoosha mkono, akakitoa kitako cha sanfil kwenye rafu, akakishika kifuani kama mtu aliyekamata kuku mwizi.

"Laini hii iko kwa jina yangu," akasema. "Kesho naikata."

"Kata," Mama mdogo akasema. Alikuwa amesimama uani, ndoo mkononi. "Ni yako. Lakini Jumatatu naenda, shemeji, ukate usikate. Umenipa nyumba miaka hii yote, hilo sitalisahau. Ungetaka nikupikie, ningepika. Ungetaka nikuuguze, ningekuuguza. Lakini umetaka ninyamaze, na hiyo siwezi kukupa."

"Marehemu angesema nini?"

"Marehemu alikuwa ananipakia keki kwenye baiskeli, anazipeleka kwa wateja. Angesema nifunge vizuri sanduku ya sinia."

Baba alibaki na kitako kile mikononi, waya unaning'inia, hadi mama yangu alipokuja kukichukua taratibu na kukirudisha kwenye rafu.

Jumapili, Bizumuremyi alipokuja, Mama mdogo hakukimbilia tanuri. Alikaa naye salon, mbele ya baba, akamwomba radhi kwa lile neno na kumwambia kuwa jibu ni hapana. Bizumuremyi alizungusha kofia yake magotini. Alisema gunia la makaa ameitwa tangu akiwa shuleni, na kwamba yeye alikuwa akija kwa sababu alialikwa na chai ya kwetu ni nzuri. Sikujua kama ilikuwa kweli au alikuwa anaokoa heshima yake. Alikunywa chai yake yote kabla ya kuaga.

Jumatatu tulibeba vyombo hadi kwenye mlango wa buluu, mimi, mama, na Verediane aliyeleta lori dogo la mumewe bila kumwuliza. Tanuri jipya lilijengwa kwa matofali. Simu hapakuwa nayo. Mama mdogo alikwenda kwenye ofisi ya simu kuomba laini, na karani akataka saini ya mume au ya mwanamume wa familia. Akamwambia mume amezikwa Goma, na familia ni yeye. Karani akasema aende kufikiri. Mama mdogo akasema ameshafikiri, akavuta kiti, akatoa ufumaji wake. Alirudi kukaa pale asubuhi nyingi, akiwasalimu wafanyakazi wote kwa majina, hadi mkubwa wa ofisi alipotoka mwenyewe kuuliza huyu mama anangoja nini, akaambiwa, na akamwamuru karani aandike "Pulchérie".

Kwa miezi yote ya kungoja, wateja waliendelea kupiga nyumbani kwetu. Baba hakukata laini. Alinyanyua simu na kuwaambia, kwa sauti ya mtu anayelazimishwa, "Alihama. Iko karibu na soko. Mulango ya buluu." Wakiuliza kama keki zake ni nzuri kweli, alisema, "Nzuri."

Fundi aliyeleta laini mpya aliitwa Régis, kijana mpole. Mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo. Alimaliza kufunga waya, akampa Mama mdogo simu ajaribu kwa kumpigia mtu yeyote apendaye. Nilidhani atampigia Uwamahoro. Alizungusha namba ya kwetu.

"Shemeji, ni Pulchérie. Nasikika?"

Nilikuwa karibu vya kutosha kuisikia sauti ya baba, ndogo, upande wa pili wa mji.

"Unasikika," akasema.

"Muzuri," Mama mdogo akajibu, akaweka simu chini, akaenda kunawa mikono.